Kabla ya Kuazima Kiti, Kigeuze

Wanangu wa kundi la Kikula, mmeniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu kazi ya vifaa vya jukwaani. Ukurasa mmoja! Miaka ishirini na kitu nimebeba meza, masufuria, vitanda, na safari moja mbuzi mzima aliyekuwa hataki, halafu mnanipa ukurasa mmoja. Nitachukua nafasi ninayoitaka, na mwenye haraka aende akaangalie simu yake.

Mimi ni Mama Odette wa Panda. Wengi wananijua kwa jina la Mama Azima, na hawakunipa jina hilo kwa heshima. Katika kundi letu la maigizo wenzangu walicheka, walilia, walioana na kuachana mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta kijiko. Igizo likitaka kiti, kiti kiwepo. Likitaka barua ya kufukuzwa kazi, barua iwepo, na kwa miaka ile ya tisini barua za namna hiyo hazikuwa ngumu kupata. Mambo yakiisha, kila kitu kirudi kwa mwenyewe kikiwa safi kuliko kilivyotoka.

Ninyi siku hizi mna maandishi. Mnashika karatasi, mnabishana kuhusu nukta. Sisi hatukuwa na karatasi. Alhamisi tulikaa ukumbini, mmoja akaleta kisa alichokisikia sokoni, tukagawana watu wa ndani ya kisa, na Jumapili kila mtu alisema yaliyomjia kichwani. Kwa hiyo mtu wa vifaa hakujua kamwe kitakachotokea. Mchezaji anaweza kutaka kumpiga mwenzake mwiko wakati mwiko haupo. Nilijifunza kujaza kikapu kimoja na vitu vya bahati mbaya: mwiko, leso, kiberiti, rozari, chupa tupu. Wekeni kikapu hicho mpaka leo. Kitawaokoa.

Na jambo la pili, kabla sijasahau: msiweke chakula cha kweli jukwaani wakati watu wana njaa. Hili nililijua kwa aibu. Tulikuwa na mchezaji mmoja, Sukari, mchekeshaji wetu mkubwa, mtu mwembamba mwenye sauti ya lori. Katika igizo moja alikuwa mume mkali. Alitakiwa kuingia nyumbani, kukuta bukari, ugali wetu, imechelewa, kugombana na mkewe, kisha kutoka kwa hasira bila kuonja kitu, na huko nje ndiko anakokutana na mwanamke wa pili. Kisa chote kilikuwa huko nje. Kwa kawaida nilimwekea bukari ya majivu iliyofunikwa kitambaa. Siku hiyo, kwa majivuno yangu ya kijinga, nilipika bukari ya kweli na samaki wa ziwa Tshangalele, ili mvuke uonekane mpaka safu ya nyuma.

Sukari aliingia. Akanusa. Akafunua sahani, akatazama, akamtazama mkewe wa jukwaani kwa macho laini ambayo hatukuwahi kuyaona.

"Bibi yangu," alisema, "minye nimekusamehe."

"Lakini weye uko na hasira!" mkewe akamkumbusha kwa meno yaliyobanwa.

"Ilikuwaka zamani."

Akakaa, akanawa, akala. Tulimfanyia ishara kutoka pembeni, tukakohoa, nikamtupia kandambili. Alipomaliza samaki na vidole vyote kumi, aliwageukia watu akawaambia kwamba ndoa ni kuvumiliana, wakapiga makofi, na igizo la saa mbili likaisha kwa dakika kumi na tano. Mwanamke wa pili alikaa nje na lipstiki yake hadi watu walipoanza kutoka.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kaseba. Yeye alikuwa mtu wa vifaa tangu enzi ambazo kampuni ya migodi, mwenye ukumbi na kambi yetu, ilipaka ukumbi rangi kila mwaka na watu walikuja na kofia. Mwezi wangu wa kwanza niliazima birika la chai kwa jirani mmoja, nikalirudisha, mwenyewe akaonyesha ufa ambao nadhani ulinizidi umri. Nilimfulia nguo majuma mawili. Nilipomweleza Papa Kaseba, alicheka hadi akashika ukuta.

"Weye hukugeuza?"

"Kugeuza nini, Papa?"

"Kila kintu unayoomba, ugeuze kwanza mbele ya mwenyewe. Uangalie matako yake. Ufa iko, muone bote babili. Kisha ujaribu miguu. Kisha ndiyo ubebe."

Tangu siku hiyo nikawa nageuza. Meza, stuli, masanduku, hata redio. Watu walizoea kuniona nimeinama na kiti cha mtu kichwa chini, nakisoma matako kama daktari. Shikeni hili, wanangu. Na shikeni lingine la pili alilonifunza: kitu cha kuazima kiwekwe jukwaani mahali mwenyewe atakapokiona. Mwenye kabati haji kuangalia igizo. Anakuja kuangalia kabati lake, na anakuja na mke, shemeji na watoto wa shemeji. Nusu ya watu wetu walikuja hivyo. Mara nyingi katikati ya kilio cha jukwaani nilisikia sauti kutoka gizani: "Mutoto, angalia, ile sahani ni yetu!"

Sasa tufike kwenye miaka mibaya. Mnasimuliwa na wazazi wenu, kwa hiyo sitarefusha. Mishahara ilikatika. Watu walipora, wakaporwa. Kisha wenzetu ambao babu zao walitoka mkoa mwingine walifukuzwa wakangoja treni majuma na majuma pale stesheni, watu tuliozaliwa nao njia moja, na nusu ya kundi letu walikuwa miongoni mwao. Niliwapelekea uji na nililia njiani kurudi. Mpaka leo sijui la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba ilikuwa vibaya, na kwamba baada yao hatukuwa tena na mtu wa kuimba sauti ya pili.

Ukumbi ulifungwa karibu mwaka mzima. Tulipofungua tena, ulikuwa umebaki kuta na paa, na paa lenyewe kwa mashaka. Vioo hakuna. Taa hakuna. Pazia letu la mahameli jekundu nililiona baadaye kwenye Misa ya Pasaka: lilikuwa limevaliwa na mapacha, na mikono ya puto, na kusema kweli liliwapendeza. Na viti, vile viti vya mbao vizuri vilivyojaa ukumbi safu kwa safu, havikuwepo hata kimoja. Vilikuwa vimetembea.

Tukaendelea. Nilishona pazia la magunia ya unga. Umeme haukuwepo, basi tukawa tunaanza saa tisa mchana, jua linapoingia kwa milango ya upande wa magharibi, na niliegemeza bati kuukuu mlangoni ili mwanga urukie jukwaani. Jifunzeni na hilo: bati lililosuguliwa kwa mchanga na limao linashinda taa nyingi mnazokodi. Ila watu walisimama, au walikaa chini kwenye saruji, na hapa Likasi mwezi wa sita, baridi ikiuma, saruji si kitu cha kumkalisha mama wa watu. Wakaanza kupungua. Jumapili moja tulihesabu watazamaji kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

Hapo ndipo Gérant alipotuita. Gérant ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi na mwenye funguo, mtu mrefu wa tai, ambaye naye hakuwa amelipwa siku nyingi kama sisi sote. Alitukuta wote ukumbini siku ya mazoezi.

"Mama Odette, minye siko na mubaya na théâtre," alisema, akionyesha ukumbi mtupu. "Lakini sali bila viti ni hangar. Kuko batu ya maombi, banasema batakuya na mabanc yabo, na batatengeneza paa. Beye muko na nini?"

"Siye tuko na théâtre," nikajibu.

"Théâtre, batu habawezi kuikalia."

Sukari aliitazama sakafu tupu, mahali safu za viti zilipokuwa.

"Basi, munioneshe viti," Gérant akaendelea, akihesabu vidoleni Jumapili na Jumatatu yake. "Siku ya yenga inayokuya, nikikuta sali imeyala viti, funguo inabakia kwenu. Nikikosa, siku ya kwanza asubui naipeana ku batu ya maombi. Mumesikia bote?"

Tulisikia wote. Niliogopa, wanangu. Msidhani nilikuwa jasiri kwa sababu sasa nacheka. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wangu walikuwa wametawanyika, na kitu pekee kilichonitoa kitandani asubuhi kilikuwa ukumbi ule. Kama funguo zingekwenda, ningebaki mwanamke mwenye kikapu cha mwiko na rozari, bila mahali pa kukipeleka.

Basi nikafanya ninachokijua. Jumatatu niliamka, nikafunga kitenge vizuri, nikaingia njia ya kwanza ya kambi ya Panda kuazima viti. Nyumba kwa nyumba. Maneno yangu yalikuwa haya tu: niazime kiti chako, ukilete mwenyewe Jumapili saa nane, na wewe mwenyewe ndiwe utakayekikalia. Nani atakataa kukalia kiti chake?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Henriette, muuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Akanitolea kiti cha mbao kizuri, akakipangusa. Nikakigeuza, kama kawaida yangu. Chini yake palikuwa na namba kwa rangi nyekundu: 87.

Niliijua rangi ile. Niliujua na mkono. Papa Kaseba, zamani za neema, ndiye aliyeandika namba chini ya kila kiti cha ukumbi, na nane yake alikuwa akiichora kama mitungi miwili iliyobebana.

Nikainua macho. Mama Henriette alikuwa ananitazama.

"Ile kiti ni ya nkambo wangu," alisema haraka, akimsingizia babu yake marehemu. "Aliniachia mbele ya kufa."

"Nkambo wako alijua kuchagua," nikamjibu.

"Sana!"

"Basi siku ya yenga, saa munane. Usisahau."

Nyumba ya pili, 14. Hicho kilikuwa zawadi ya harusi. Nyumba ya tatu, 132, kilinunuliwa Lubumbashi dukani kwa Mgiriki ambaye bahati mbaya alikuwa amehama. Mwalimu mmoja alikuwa amepaka chake rangi ya bluu, miguu, mgongo, kila mahali, ila hakuwahi kukigeuza: 59, nyekundu kabisa. Katekista alikuwa na viwili, 20 na 21, na aliniambia viliokotwa, nikamjibu kwamba Mungu ni mkubwa. Kila nyumba nilisifu. Kila nyumba niliamini. Mashavu yalikuwa yananiuma kwa kuzuia kicheko, nikifika kona nacheka peke yangu, nakaza uso, nagonga mlango unaofuata.

Siku ya Jumatano nilimwendea Papa Kaseba. Alikuwa mzee sasa, macho yake yalikuwa yamejaa ukungu, alishinda barazani na shuka miguuni. Nilimsimulia nikitegemea atacheka na kushika ukuta kama zamani. Hakucheka.

"Ziko nzima?" aliuliza.

"Ziko nzima, Papa."

"Na namba?"

"Na namba."

"Minye nilizania balizichoma kuni," alisema, na akajipangusa macho kwa pembe ya shuka. Kisha akaniambia: "Usiambie muntu kintu. Zikuye kwanza."

Kiti cha mwisho nilikihitaji kwa ajili ya jukwaa. Igizo la Jumapili lilikuwa kesi ya wake wawili waliogombania kuku mbele ya chifu, na chifu alihitaji kiti cha mikono. Kambi nzima ilijua ni nyumba ipi yenye kiti cha mikono. Nikagonga kwa mke wa Gérant. Mama yule alifurahi kuombwa. Alitoa kitambaa cha maua kilichokifunika, akasema kwa madaha kwamba ni kiti cha ukoo wao.

Nikakigeuza. Namba 1.

Kilikuwa kiti cha Directeur wa kampuni, wanangu, kile cha katikati ya safu ya mbele, ambacho zamani hata paka hakuthubutu kukikalia. Na sasa nitakiri kwenu kosa langu, kosa la mtu wa vifaa aliyebobea na kujisahau. Nilipoiona ile namba furaha ilinipanda kichwani. Papa Kaseba alinifundisha: geuza, kisha jaribu miguu. Niligeuza. Miguu sikuijaribu. Nilikitia kichwani nikaenda nacho, njia nzima nacheka kama mwendawazimu.

Jumapili saa nane walianza kuja. Watu walishuka njia zote za Panda na viti vichwani, mabegani, wawili wakishika kimoja, watoto wakibeba vya kwao kinyumenyume. Walipanga wenyewe, safu kwa safu, na kwa namna ambayo mpaka leo siielewi kila kiti kilijipata karibu na mahali pake pa zamani. Ukumbi ulijaa. Nilisimama nyuma ya magunia yangu ya unga, nikachungulia.

Gérant aliingia na tai yake. Alitembea kati ya safu, akapanda hadi jukwaani, akaja nyuma ya pazia.

"Ni muzuri," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Vraiment, mumetumika. Mais, Mama Odette, hizi ni viti ya kuomba. Jioni zinarudilia mu manyumba, na kesho sali iko bure tena. Minye nilisema viti. Sikusema wageni."

Na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimefikiria kuvileta tu; kuvibakisha sikuwa nimekufikiria. Ningeweza kumjibu kuhusu namba. Lakini ningemwaibisha mtu mbele ya wachezaji, na pamoja naye ningeaibisha kambi nzima iliyoniazima kwa moyo mweupe. Namba nikaziacha chini ya viti. Gérant akaenda kukaa mbele karibu na mkewe, na nikafungua pazia nikiamini kwamba ni mara ya mwisho.

Sukari aliingia akiwa chifu, amevaa ngozi ya mbuzi na makoti matatu ya kumnenepesha. Wake wawili wakaleta kuku wao. Akawasikiliza, akakohoa kichifu, akajitupa kwenye kiti cha mikono kwa uzito wote wa makoti matatu.

Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa waya. Ukasema *pa!*

Sukari alikwenda nyuma miguu juu. Kuku alirukia watu. Kiti kilipinduka, kikalala kifudifudi, matako yakitazama ukumbi, na jua lililorushwa na bati langu likatua palepale kwenye namba nyekundu.

Watu walicheka sana. Kisha mmoja wa nyuma akasoma kwa sauti: "Namba moya!"

Papa Kaseba tulikuwa tumemleta, alikaa safu ya kwanza. Akainua uso wake wa ukungu.

"Namba moya ni kiti ya Directeur," alisema kwa utulivu. "Minye mwenyewe niliandika. Ilikuwaka wapi?"

Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa kisu. Mke wa Gérant alianza kurekebisha kilemba chake. Nilimwona katekista akipitisha mkono polepole chini ya kiti chake, kama mtu anayejikuna. Akagusa. Akaurudisha mkono mapajani. Kisha mwalimu. Kisha safu nzima, kisha safu ya pili, ukumbi mzima umeinama kidogo, kila mtu mkono mmoja chini, macho mbele.

Wanangu, mchezaji wa kweli mtamjua siku kama hiyo. Sukari aliinuka na mguu wa kiti mkononi, akaushika kama fimbo ya enzi, akatangaza kwa ile sauti ya lori:

"Tribinali inasema hivi! Muntu ambaye kiti yake haiko na namba, asimame, abebe, aende nayo ku nyumba yake. Na Mungu amubariki!"

Hakuna aliyesimama. Watu wote wale, na hakuna aliyesimama. Kuku tu ndiye aliyekuwa anatembea.

Mwishowe kibibi kimoja cha pembeni, kwenye stuli yake ndogo ya kienyeji, kikainua mkono.

"Minye yangu haiko na namba," alisema. "Lakini siende. Mumalize kwanza kesi ya kuku."

Macho yote yakamgeukia Gérant. Alisimama. Akakaza tai. Nilimhurumia, nawaambia kweli, kwa maana nilijua alikichukua kwa sababu ileile iliyowafanya wengine wote wachukue: siku ukumbi ulipofungwa kila mtu alidhani mambo yamekwisha na anayeacha kitu anakiacha kwa wezi. Akakiangalia kiti. Akamwangalia Papa Kaseba.

"Nilikuwa naichunga," alisema.

Kisha Mama Henriette akasimama kwenye safu yake, mikono kiunoni.

"Hata minye! Ile ya nkambo, nilikuwa naichunga!"

"Na siye!" mtu akapaza. "Tulikuwa tunachunga!" "Ya Mugiriki pia!" Na ukumbi ukapasuka. Watu walicheka hadi wakatoa machozi, walipigana mabega, mwalimu alikibusu kiti chake cha bluu. Sukari akagonga mguu wa kiti sakafuni.

"Tribinali inashukuru bote benye kuchunga. Mulichunga muzuri. Sasa mupumuzike, zibakie hapa."

Gérant alipanda jukwaani, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mkononi mwa Papa Kaseba mbele ya watu wote. Na kesi ya kuku tuliimaliza, chifu akiwa amesimama, kwa sababu kibibi yule hakukubali vingine.

Jioni ile watu walitembea kurudi kwao mikono mitupu, wakitaniana njia nzima. Watu wa maombi walipata darasa la shule kwa ibada zao, na miezi michache baadaye walikuja kwetu kuazima viti vya harusi. Niliwaazima. Niligeuza kimoja kimoja mbele yao, nikawasomea namba.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Lakini Jumatatu asubuhi Papa Kaseba aliomba aongozwe ukumbini. Alipita safu kwa safu, akipapasa chini ya kila kiti kwa kidole, akizisoma namba zake kwa ngozi maana rangi ilikuwa nene. Mimi nilikuwa nafagia. Vingine kumi na kitu havikurudi kamwe, vilikwenda na wenyewe mbali, na alivitaja akapita. Alipofika mwisho alisimama, mkono kiunoni, uso kwangu.

"Sitini na ine iko wapi?"

Niliendelea kufagia. Nilifagia mahali palepale mara tatu.

"Odette."

"Papa."

"Sitini na ine ilikuwaka pembeni ya pazia. Mwenye kuikalia ni muntu wa vifaa."

Ilikuwa nyumbani kwangu, wanangu, mbele ya cherehani. Nilikichukua juma lile ukumbi ulipofungwa, alfajiri, nimekifunika kitenge. Pazia la magunia la ukumbi ule nililishona nimekikalia kiti cha ukumbi ule. Kambi nzima nimeigeuzia matako ya viti vyake, na changu nilikijua kwa moyo bila kukigeuza.

Niliacha ufagio. Nikaenda nyumbani, nikakitoa cherehanini, nikakitia kichwani. Mara hii sikukifunika. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wote barazani, na kutoka kwangu hadi ukumbini ni njia tatu. Mama Henriette alikuwa kwenye meza yake ya munkoyo. Aliniona, akaona kiti, akatua kikombe.

"Mama Azima! Ile kiti inatoka wapi?"

Nilijaribu kupita. Haikuwezekana. Nikasimama katikati ya njia, shingo imekaza chini ya mzigo.

"Nilikuwa naichunga," nikasema.

Alianza yeye. Kisha baraza la pili, kisha la tatu, kisha njia nzima, wanaume, wanawake, watoto, wamesimama wananipigia makofi na vigelegele hadi mlangoni pa ukumbi. Miaka yote ile ya kazi nilikuwa nyuma ya pazia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyopigiwa makofi.